Mwalimu Mbwana Mwero na Chumba cha Masomo ya Nguo

Tarehe 31 Desemba mwaka huu wa 1957, Mwalimu Mbwana Mwero anastaafu. Amefundisha miaka ishirini na sita, na kumi na mmoja ya mwisho ameitumikia katika chumba cha masomo ya nguo hapa Msambweni. Siku hiyo hiyo chumba nacho kinafungwa. Nimeombwa niandike kwa uchangamfu, kwa kuwa hii ni karatasi ya sherehe na wageni watakuwa wameshika sahani za pilau. Nitajitahidi. Lakini walioniomba wananijua, na wanajua kwamba Biasha binti Abdurahman, mwalimu wa darasa la kwanza, hajapata kucheka kwa kuagizwa.

Kwa wageni waliotoka mbali na hawajui masomo ya nguo ni kitu gani, nieleze. Vita vilipokwisha, shule ziliota huku bara ya Kwale kama uyoga, ila walimu hawakuota. Mtu mmoja alipewa madarasa matatu ndani ya banda moja la makuti. Wengi wao hawakupata kwenda chuo. Walichukuliwa kwa sababu wanajua kusoma, wakapewa chaki na kuambiwa Mungu atawasaidia. Alfajiri yuko shambani kwake, mchana yuko darasani, jioni kijiji kizima kimemkalia kibarazani awasomee barua za watoto wao walioko Mombasa. Sasa huyo somo la kesho ataliandaa saa ngapi? Basi watoto wakaimbishwa herufi zile zile tangu Januari mpaka Novemba, na sote tukajifanya hatuoni.

Mwalimu Mbwana alikuwa mmoja wa walimu hao, huko upande wa Kikoneni, kabla hajaletwa hapa. Uchovu ule aliujua kwa mwili wake. Alipofika Msambweni aliiendea kamati ya elimu, akaomba chumba kimoja kitupu na jora la marekani, kitambaa cheupe cha pamba. Wazee walidhani anataka kushona kanzu. Yeye alitaka kuandika masomo. Karatasi kwetu haidumu: ikisalimika na unyevu italiwa na mchwa. Nguo hudumu. Wino aliupika mwenyewe kwa masizi ya chungu na utomvu wa mkorosho, ule ule ambao mama zetu huulaani kwa kuwa ukigusa kanga hautoki tena. Upande wa mbele aliweka picha na maneno ya watoto. Upande wa nyuma aliweka maneno ya mwalimu: anza na swali hili, mtoto akikujibu hivi mwambie vile, hapa watoe nje wakahesabu vifuu vya nazi. Kisha nguo ikazungushwa kwenye ufito, ikafungwa kamba, ikapakiwa nyuma ya baiskeli. Mwalimu aliyechoka akilipokea somo lake hakuwa na la kupika. Kazi yake ilikuwa kupakua tu.

Safari ya kwanza kabisa iliharibika, na mpaka leo watu wa Kikoneni wakiikumbuka hushika mbavu. Mwalimu Mbwana alikuwa akipanda kilima kwa haraka, kichwa chini, jasho linamtiririka, na nyuma ya baiskeli amefunga mizingo ya marekani jeupe. Haya, nyinyi mmezaliwa pwani hii. Marekani jeupe, limekunjwa, linapelekwa mbio: kwetu hilo lina maana moja. Wanawake waliomwona kutoka mashambani wakajua ni sanda. Wakatupa majembe, wakaanza kulia na hawajui wanamlilia nani. Alipofika shuleni nusu ya kijiji ilikuwa nyuma yake na mikeka, na vijana wameshika sururu wanauliza kaburi lichimbwe wapi. Alipofungua mzigo akatoa picha ya mbuzi na herufi M, mzee mmoja alimtukana matusi ambayo siwezi kuyaweka katika karatasi ya sherehe.

Tangu siku hiyo kila nguo, kabla haijatoka chumbani, ilichovywa upindo wake katika maji ya maganda ya mkoko mpaka ukawa mwekundu wa udongo. Mtu akiuona kwa mbali upindo ule akajua hilo ni somo, hakuna aliyekufa, aendelee kulima. Hata watoto wadogo walijua. Ikawa ndiyo desturi ya chumba, na wageni waliokuja kukagua shule walidhani ni urembo.

Baadaye walimu wakuu nao walikuja na vilio vyao. Kumbe kuongoza shule nako kunachosha! Akawaandikia za kwao: namna ya kufungua muhula, namna ya kugawa madarasa mwalimu mmoja akiugua, namna ya kupatanisha walimu wawili wasiosemezana, namna ya kuzungumza na baba anayemtoa binti yake shuleni ili akaozwe. Ziliwasaidia sana, isipokuwa pale zilipowazidi. Yuko mwalimu mkuu mmoja, jina lake nalihifadhi maana leo yumo humu na kofia yake mpya, aliyeitundika nguo ya mkutano wa wazazi akaisoma yote, neno kwa neno, mbele ya wazazi wenyewe. Alisoma karibuni wazee. Alisoma shule ni yenu. Kisha akasoma, kwa sauti ile ile, hapa nyamaza kidogo wazee wapumue. Na alipofika chini akasoma, mzee mkali akisimama tabasamu, usibishane naye. Mzee mkali alikuwa keshasimama.

Msidhani lakini kwamba Mwalimu Mbwana ni mtu mtamu. Hata! Nguo ikirudi na doa la samli utalisikia siku hiyo na wiki inayofuata. Mimi, mama wa watoto wanne, aliwahi kuniketisha ndooni niifue upya nguo ya herufi mbele ya macho yake, na aliposema imetakata hakusema ahsante. Alikuwa mchungu kwa sababu alijua ile nguo moja inangojewa na shule nyingine ng'ambo ya mto, na huko yuko mtu anayesimama mbele ya watoto sitini hana hata neno. Walimu wenzangu, tuseme kweli. Tulimwogopa, tukamsengenya, na Jumapili jioni sote tulilala usingizi kwa ajili yake.

Kazi ile imemla macho. Miaka hii ya mwisho amekuwa akiandika pua inagusa nguo, na mwaka juzi tulimwona akichora ng'ombe mwenye mkia mbele. Ndipo alipoletwa Bi Hannah Kache, mwalimu kijana kutoka Samburu ya huku Kwale, mpole wa maneno lakini mkono wake kwenye kalamu ni neema tupu. Mbuzi wa Mwalimu Mbwana siku zote walifanana na mbwa. Mbuzi wa Hannah ungewaswaga. Watu walidhani mzee wa Kidigo, mtu wa msikiti, na binti wa Kiduruma, mtu wa kanisa, hawatakaa chumba kimoja hata muhula mmoja. Wakakaa. Walibishana kutwa juu ya unene wa herufi, na nilipopita dirishani nikawasikia nilijua kazi inakwenda. Siku moja Mwalimu Mbwana aliniambia, bila kunitazama, kwamba sasa chumba kimempata mwenyewe.

Mwezi wa Juni mwaka huu akaiendea kamati na ombi. Hilo ndilo ombi lake pekee ninalolijua katika miaka yote ile, ukiacha la chumba chenyewe. Hakuomba nyumba wala cheo. Aliomba Hannah arithi chumba, masomo yasikatike yeye akiondoka.

Kamati ikakataa.

Mjue kwa nini, maana lilisemwa na linaendelea kusemwa mitaani, na mimi leo nimekuja kulimaliza. Masika ya mwaka jana, Mwalimu Mbwana alikabidhiwa jora jipya zima la marekani. Shule zilikuwa likizo. Akalichukua, akaenda nalo Kikoneni kwa rafiki yake, marehemu Mwalimu Suleiman Dzombo, ambaye mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa sote, ili waandike pamoja masomo ya muhula uliokuwa unakuja. Alikaa huko mvua yote. Alirudi na habari kwamba Suleiman amefariki, tukalia. Jora hakurudi nalo. Muhula ule hapakuwa na somo jipya hata moja, na walimu walinung'unika sana.

Wazee wa kamati walimwita. Mwenyekiti, Bwana Rai, alimwuliza jora liko wapi. Mwalimu Mbwana akajibu kwamba limetumika. Limetumika vipi? Limetumika kwa haja yake. Akaulizwa masomo yaliyoandikwa juu yake yako wapi, akanyamaza. Bwana Rai si mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na pia kwa sababu atakuwa ameketi meza ya mbele. Lakini jora la watu limepotea na aliyekabidhiwa hasemi. Wangefanya nini? Wakaliacha, ila hawakulisahau. Ombi la Juni lilipokuja, likarudi lile neno la jora. Walisema hawataki kumweka mtu mwingine katika chumba ambacho vitu vyake havijulikani viendako. Wakaandikia ofisi ya elimu kwamba mstaafu akiondoka chumba kifungwe, na ofisi, ambayo kwa maneno yake ina vitabu vilivyopigwa chapa vinakuja njiani, ikakubali upesi. Septemba Hannah akahamishwa kwenda Taru.

Mwalimu Mbwana aliipokea habari ile akiwa anachemsha maganda ya mkoko. Akaepua sufuria, akamwaga maji nje. Nilimfuata nikamwambia, Mwalimu, sema basi, neno moja tu uwaambie limekwenda wapi, chumba kipone. Wallahi nilimpigia magoti. Akaniambia niende nikasahihishe madaftari yangu.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Mwezi wa Oktoba palikuwa na harusi hapa mjini, na sisi wanawake tulikuwa jikoni tukimenya vitunguu. Pembeni yangu ameketi Bi Mwanarusi, mjane wa Mwalimu Suleiman, ambaye baada ya eda alirudi kwao na hatukuonana tena mpaka siku ile. Mimi nikiwa na kisu mkononi mdomo wangu haukai. Nikaanza kulalamika juu ya kamati, juu ya chumba, juu ya mzee mkaidi aliyepoteza jora la marekani masika ya mafuriko na hataki kusema. Bi Mwanarusi akaacha kumenya. Akaniuliza masika yapi. Nikamwambia. Akaniuliza jora la nani, nikamwambia la kamati. Akatia kisu chake sahanini, na jioni ile yote hakula.

Kesho yake asubuhi alivaa buibui lake akaniambia nimpeleke kwenye kamati. Walikuwa wamekutana siku hiyo, wanaume watupu, chai mbele yao. Akatoa salamu, wakaitikia, wakamkaribisha kiti, hakuketi. Akasema, "Wazee wangu, nasikia mnalitafuta jora. Jora mnalolitafuta mume wangu amezikwa nalo. Mnataka nikalifukue?"

Hapana aliyegusa kikombe chake.

Akawaeleza akiwa vile vile amesimama. Mto Ramisi ulifurika ukaikata njia. Homa ikaingia nyumbani kwake, ikamlaza Suleiman, na hakuinuka. Shemeji zake walijaribu kuvuka kwenda madukani kutafuta sanda, mmoja nusura achukuliwe na maji, wakarudi mikono mitupu. Ndani hamna kitu ila kanga kuukuu. Maiti amelala, jua linapanda, na mjane anafikiri mumewe, mwalimu wa watu, atazikwa na kanga iliyochakaa. Mgeni wao akainuka. Akalileta jora lake kutoka pembeni, akalikunjua, akalipasua. Homa ile haikuishia kwao. Ilikwenda nyumba ya pili, ikaenda ya tatu, na kila palipoingia kilio Mwalimu Mbwana alipasua tena, mpaka hakikubaki hata kitambaa cha kufutia kalamu. Bi Mwanarusi alidhani nguo ile ni mali ya mgeni mwenyewe. Siku ya kuondoka mgeni alimwambia neno moja tu, kwamba asimshukuru mtu, na kwamba hakuna atakayekuja kumwuliza.

Ndiyo maana alinyamaza. Sadaka ya sanda kwetu haitangazwi. Mkono wa kulia hutoa na wa kushoto haujui. Na lau angesema mbele ya kamati, yale majina yote yangetajwa: fulani hakuwa na sanda, fulani alizikwa kwa nguo ya shule. Nilipomwuliza baadaye kwa nini hakujitetea, aliniambia mtu hamvishi maiti kisha akamleta maiti huyo kuwa shahidi wake. Mimi ningemleta. Sioni haya kusema.

Bwana Rai alivua kofia yake siku ile, akaomba radhi, na nina hakika leo atasimama aombe tena mbele yenu. Kamati ilikwenda ofisini kusema imekosea, chumba kibaki, Hannah arudishwe. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Chumba kilikuwa kimeshatolewa kwa ajili ya kuweka mbegu na majembe. Hannah alikuwa ameshapangiwa madarasa Taru, na huko hawana mwingine. Jibu likawa hapana, na halikuwa na hata mstari wa pole. Basi hivyo ndivyo ilivyo, jamani. Jina la Mwalimu Mbwana limetakata, na kazi yake imekufa.

Mnadhani alifurahi aliposikia kwamba Bi Mwanarusi amesema? Alikasirika kama sijapata kumwona. Akafunga safari hadi kwao, na macho yale, kwenda kumwomba msamaha mama wa watu kwamba amelazimika kuyataja mazishi ya mumewe mbele ya wanaume na chai yao. Mimi tangu hapo hunipa salamu tu, maana anajua ni mdomo wangu ulioanza. Alipopata habari kwamba ni mimi ninayeandika karatasi hii aliniletea ujumbe nisiliguse jambo la sanda. Nikaenda tena kwa Bi Mwanarusi, nikamwambia neno lako ndilo nitakalofuata. Akasema, "Andika, Biasha. Maiti haoni haya. Anayeaibishwa ni aliye hai."

Kwa hiyo nimeandika. Nikose salamu zake mpaka kiama, jora halikupotea.

Wiki iliyopita nguo zote zilitolewa chumbani zikagawiwa mashuleni, kila shule fungu lake. Wengine walitembea tangu usiku kuja kuchukua. Zilizokwenda Taru alizifunga mwenyewe, na ndani akamtilia Hannah kalamu zake zote. Zitachakaa, hapana shaka; nguo ni nguo, na wa kuziandika upya hatuna. Vitabu vya chapa tulivyoahidiwa hatujaviona. Huenda vikaja, huenda ni vizuri, sitaki kuvitukana kabla sijavifungua. Ila sidhani kama kitabu kitajua kwamba mtoto wa Kikoneni akiulizwa swali hutazama chini kwanza, na kwamba mwalimu asimharakishe. Yeye aliliandika hilo nyuma ya kila nguo.

Mwalimu wetu Mbwana, kwa niaba ya walimu wa Msambweni na Diani, wa Kikoneni na wa bara yote mpaka Samburu na Taru, waliopata kulala Jumapili kwa sababu yako: ahsante. Mwenyezi Mungu ayapumzishe macho yako, akuzidishie siku njema nyumbani kwako, akulipe kwa lile ulilolificha zaidi ya haya tuliyoyaona. Nenda kwa salama, na ukiwa tayari kunisamehe mlango wangu unaujua.

Shule zikifunguliwa Januari nitaingia darasani na hapatakuwa na mtu wa kunipigia kelele juu ya doa. Masomo yote ulituandalia, Mwalimu. Hili la kubaki bila wewe hukutuandalia, nami sijui nalianzia wapi.